Je, Wajua? Haki Iliyo Jirani: Ardhi, Kazi na Familia Katika Mahakama za India

Mkulima aliyeporwa shamba Maharashtra, kibarua aliyenyimwa ujira Delhi na mke aliyefukuzwa nyumbani Kerala wana jambo moja linalowaunganisha. Kila mmoja ana mahali pa kwenda, tena wilayani kwake, na mara nyingi bila kulipa hata rupia moja. Wengi hukosa haki kwa sababu tu hakuna aliyewaonyesha mlango. Leo tunaupitia mlango huo, swali kwa swali.

MLANGO WA KWANZA

Je, wajua kwamba msaada wa kisheria bila malipo umo ndani ya Katiba ya India? Ibara ya 39A, iliyoongezwa mwaka 1976, inaitaka serikali ihakikishe hakuna raia anayekosa haki kwa sababu ya umaskini au kikwazo kingine chochote. Sheria ya kuitekeleza ilipitishwa mwaka 1987 na kuanza kutumika tarehe 9 Novemba 1995. Ndiyo maana kila Novemba 9 India huadhimisha siku ya huduma za kisheria.

Je, wajua ofisi yenyewe iko wapi? Juu kabisa kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Huduma za Kisheria, NALSA. Chini yake kila jimbo lina mamlaka yake, kila wilaya ina yake, na kwenye taluka, sawa na tarafa, kuna kamati. Kwa kawaida ofisi ya wilaya iko ndani ya uwanja wa mahakama ya wilaya, na mwenyekiti wake ni jaji wa wilaya. Asiyejua pa kuanzia anaweza kupiga simu nambari 15100 akaelekezwa.

Je, wajua kwamba mwanamke yeyote nchini India anastahili wakili wa bure, hata kama ana mali? Kifungu cha 12 cha sheria ya 1987 hakimwulizi mwanamke kipato chake. Hakimwulizi mtoto, mtu mwenye ulemavu, mfanyakazi wa kiwandani, mahabusu, aliyekumbwa na mafuriko au tetemeko, aliyeuzwa au kutumikishwa kwa nguvu, wala mtu wa jamii za kidalit na kikabila zilizoorodheshwa kisheria. Wasio katika makundi hayo hupimwa kwa kipato. Kwa kesi za Mahakama ya Juu kabisa kikomo ni rupia 500,000 kwa mwaka, na majimbo yana viwango vyao.

Je, wajua kwamba msaada huo unazidi wakili peke yake? Unagharimia pia ada za mahakama, uandishi wa hati za madai, nakala na tafsiri ya nyaraka. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kueleza kwa mdomo, akaandikiwa.

Je, wajua kuna wasaidizi wa kisheria wanaotoka vijijini humo humo? NALSA ilianzisha mpango wao mwaka 2009. Ni walimu wastaafu, wanafunzi, wafanyakazi wa kujitolea, na hata wafungwa wa muda mrefu wenye mwenendo mwema wanaowasaidia wenzao gerezani. Hawasimami mahakamani kutetea kesi. Kazi yao ni kusikiliza, kujaza fomu na kumfikisha mtu kwenye ofisi inayohusika.

Je, wajua kwamba barua ya mfungwa iliwahi kugeuzwa kesi? Sunil Batra, aliyekuwa gerezani Delhi, alimwandikia jaji wa Mahakama ya Juu kabisa akieleza jinsi mfungwa mwenzake alivyoteswa. Mahakama iliipokea barua ile kama maombi rasmi, na mwaka 1979 ikatoa uamuzi. Mwaka huo huo, katika kesi ya Hussainara Khatoon kutoka Bihar, ilibainika kuwa mahabusu wengine walikuwa wamekaa ndani muda mrefu kuliko adhabu ambayo wangepewa kama wangepatikana na hatia. Maelfu waliachiwa. Wakili aliyeipeleka kesi hiyo mahakamani alikuwa mwanamke, Pushpa Kapila Hingorani.

KUMPATA WAKILI

Je, wajua kwamba mawakili wa India hawaruhusiwi kujitangaza? Kanuni ya 36 ya Baraza la Mawakili la India inakataza matangazo, vipeperushi na kutumia madalali kuwinda wateja. Hata kibao cha mlangoni lazima kiwe cha ukubwa wa wastani, bila maandishi ya kujisifia ubingwa wa kesi za aina fulani. Tangu mwaka 2008 wakili anaruhusiwa kuwa na tovuti yenye mambo machache tu: jina, anwani, simu, namba ya usajili, elimu na aina ya kesi anazozishughulikia. Kwa hiyo anayekufuata kwenye lango la mahakama akikuvuta mkono uende kwa wakili fulani, mkwepe.

Je, wajua basi watu humpataje wakili wa karibu? Huenda kwenye ofisi ya chama cha mawakili kilichopo kwenye kila mahakama ya wilaya. Huenda kwenye mamlaka ya huduma za kisheria, yenye orodha yake ya mawakili. Au huketi kwenye chumba cha mahakama siku ya kusikilizwa kesi, wakamwona wakili akifanya kazi. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na kukaa kusikiliza hakuna kiingilio.

Je, wajua namna ya kumhakiki? Kila wakili ana namba ya usajili kutoka baraza la mawakili la jimbo, na waliomaliza masomo ya sheria kuanzia mwaka 2010 lazima wafaulu mtihani wa kitaifa ili waendelee na kazi. Mwombe namba hiyo. Wakili wa kweli haoni haya kuitaja.

Je, wajua kwamba wakili wa India hawezi kukuambia, "Tukishinda tutagawana"? Kanuni zinamkataza kupanga malipo kwa kutegemea matokeo ya kesi au kuchukua fungu la mali inayogombewa. Anayekupa ofa hiyo juu ya shamba lako anavunja kanuni za kazi yake.

Je, wajua umuhimu wa vakalatnama? Ni karatasi ya kumpa wakili mamlaka ya kukusimamia. Isome mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa nyingi humruhusu wakili kufikia mapatano kwa niaba yako, kuondoa kesi na kupokea fedha. Usilolitaka, lifutwe kwanza.

Je, wajua kwa nini wakili wa mahali ni bora kwa kesi nyingi? Mahakama za chini huendeshwa kwa lugha ya jimbo: Kimarathi Maharashtra, Kitamil Tamil Nadu, Kigujarati Gujarat. Mahakama Kuu hutumia Kiingereza, isipokuwa nne zilizoruhusiwa kutumia Kihindi pia: za Rajasthan, Uttar Pradesh, Madhya Pradesh na Bihar. Hati za ardhi nazo zimeandikwa kwa lugha ya hapo hapo, mara nyingine kwa mwandiko wa karani wa zamani ambao wenyeji ndio wanaouzoea.

Je, wajua kwamba sheria yenyewe hupanga kesi ifunguliwe wapi? Kesi ya ardhi hufunguliwa pale ardhi ilipo. Mke anayeomba talaka chini ya sheria ya ndoa ya Wahindu anaweza kufungua kesi mahali anapoishi yeye, kwa marekebisho ya mwaka 2003. Aliyepigwa nyumbani anaweza kwenda kwa hakimu wa mahali alipokimbilia, hata kama yuko hapo kwa muda tu.

Je, wajua kwamba kesi inaweza kufuatiliwa kwenye simu? Kila kesi ya mahakama za wilaya hupewa namba ya CNR yenye tarakimu na herufi 16. Ukiiingiza kwenye mfumo wa mahakama wa mtandaoni utaona tarehe ijayo na amri zilizotolewa, bila malipo. Wakili akikwambia kesi imeahirishwa, unaweza kuhakikisha mwenyewe.

ARDHI NA NYUMBA

Je, wajua kwamba kusajiliwa kwa hati ya mauzo hakumaanishi serikali imekuthibitishia umiliki? Sheria ya usajili ya mwaka 1908 inataka mauzo ya ardhi au nyumba ya thamani ya rupia 100 na zaidi yasajiliwe. Lakini msajili huandikisha muamala tu. Hachunguzi kama muuzaji ndiye mwenye mali. Hiyo ni kazi ya mnunuzi na wakili wake, na kwa desturi mawakili hurudi nyuma miaka 30 wakifuata hati moja baada ya nyingine.

Je, wajua karatasi ya "saat-baara"? Maharashtra na Gujarat huiita hivyo, yaani saba-kumi na mbili, kwa kuwa imeunganisha fomu namba 7 na namba 12 za kijiji. Upande wa fomu 7 utakuta majina ya wenye ardhi, ukubwa wa eneo na madeni yaliyowekewa ardhi hiyo kama dhamana. Upande wa fomu 12 utakuta mazao yaliyopandwa msimu kwa msimu. Kwa jicho la wakili mzoefu, jina moja katika safu ya wakulima ambalo halimo katika safu ya wamiliki ni onyo: huenda kuna mpangaji mwenye madai yake.

Je, wajua kwamba jina lako kuwemo kwenye daftari la kodi ya ardhi hakukufanyi kuwa mwenye ardhi? Mahakama ya Juu kabisa imelirudia hilo mara nyingi. Daftari lile ni la kukusanyia kodi. Kaka akibadilisha jina la marehemu baba na kuandikisha lake peke yake, dada hajapoteza urithi wake.

Je, wajua kuhusu mauzo ya "nguvu ya uwakilishi"? Kwa miaka mingi, hasa Delhi, watu waliuziana nyumba kwa hati ya uwakilishi wa kisheria ili kukwepa ushuru wa stempu. Mwaka 2011, katika kesi ya Suraj Lamp, Mahakama ya Juu kabisa ilisema hati ya namna hiyo haihamishi umiliki.

Je, wajua kwa nini mikataba mingi ya kupanga India ni ya miezi 11? Mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja lazima usajiliwe. Wa miezi 11 kwa kawaida hauna ulazima huo.

Je, wajua kinga ya mnunuzi wa nyumba isiyokamilika? Sheria ya RERA ya mwaka 2016, inayosimamia miradi ya nyumba, inataka mradi wa zaidi ya mita za mraba 500 na zaidi ya nyumba nane usajiliwe. Asilimia 70 ya fedha za wanunuzi lazima iwekwe kwenye akaunti maalumu ya mradi huo. Mjenzi haruhusiwi kupokea zaidi ya asilimia 10 ya bei kabla ya mkataba wa maandishi uliosajiliwa. Kasoro za ujenzi zikijitokeza ndani ya miaka mitano, zirekebishwe kwa gharama yake. Malalamiko hupelekwa kwenye mamlaka ya RERA ya jimbo, na mnunuzi anaweza kujisimamia mwenyewe.

Je, wajua kwamba tangu tarehe 9 Septemba 2005 binti wa familia ya Kihindu ana fungu sawa na kaka katika mali ya ukoo? Sheria hiyo inawahusu pia Wabudha, Wajaini na Masingasinga. Mwaka 2020, katika kesi ya Vineeta Sharma, Mahakama ya Juu kabisa ilikata mzizi wa fitina: haki hiyo ni ya kuzaliwa, hata kama baba alifariki kabla ya 2005. Wakristo wa Kisiria wa Kerala walikuwa na safari yao. Mmoja wao, Mary Roy, alikwenda Mahakama ya Juu kabisa, na mwaka 1986 ikaamuliwa kwamba binti asirithi pungufu ya kaka zake.

KAZI NA UJIRA

Je, wajua kwamba sheria za kazi za India zimebadilika juzi tu? Sheria 29 za zamani zimeunganishwa kuwa nne, na zilianza kutumika tarehe 21 Novemba 2025. Wakili au chama cha wafanyakazi kinachotumia kitabu cha zamani kinaweza kukupoteza. Uliza kwanza kama wanazifahamu sheria mpya.

Je, wajua kwamba mwajiri ana siku mbili tu za kazi kulipa mishahara yote anayodaiwa na mfanyakazi aliyeachishwa au aliyejiuzulu? Ndivyo isemavyo sheria mpya ya mishahara. Na mfanyakazi ana miaka mitatu ya kudai alichopunjwa.

Je, wajua hesabu ya kiinua mgongo? Ni mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi, kwa aliyetimiza miaka mitano katika sehemu yenye watu 10 au zaidi. Kwa sheria mpya, mwenye mkataba wa muda maalumu anastahili hata baada ya mwaka mmoja.

Je, wajua kwamba kumlipa mtu chini ya kima cha chini ni sawa na kumtumikisha kwa nguvu? Mahakama ya Juu kabisa ilisema hivyo mwaka 1982, kuhusu vibarua waliojenga viwanja vya Michezo ya Asia mjini Delhi. Kwa maneno ya mahakama hiyo, njaa nayo ni nguvu: anayekubali ujira haramu kwa kukosa chakula hakukubali kwa hiari.

Je, wajua kwamba mfanyakazi aliyefukuzwa huanza kwa msuluhishi wa serikali? Hupeleka malalamiko kwa afisa wa usuluhishi wa idara ya kazi. Siku 45 zikipita bila mwafaka, anaweza kwenda mwenyewe mbele ya baraza la kazi. Huko mawakili wamewekewa mipaka tangu sheria ya mwaka 1947, na mfanyakazi ana haki ya kusimamiwa na kiongozi wa chama chake.

Je, wajua kwamba mtumishi wa ndani naye ana pa kulalamikia unyanyasaji wa kingono? Sheria ya mwaka 2013 inataka kila sehemu ya kazi yenye watu 10 au zaidi iwe na kamati inayoongozwa na mwanamke. Kwa wale wa sehemu ndogo na wa majumbani, kila wilaya ina kamati yake. Malalamiko yapelekwe ndani ya miezi mitatu.

Je, wajua kwamba kuna chama cha wanawake wauza mboga, washona nguo na waokota makaratasi? Kinaitwa SEWA, kilianzishwa Ahmedabad mwaka 1972 na wakili Ela Bhatt. Mwanamke asiye na mwajiri anayejulikana alipata chama cha kumsemea.

NDOA NA FAMILIA

Je, wajua kwamba katika mahakama ya familia wakili si haki ya moja kwa moja? Sheria ya mwaka 1984 ilitaka wanandoa wazungumze wenyewe mbele ya jaji, na jaji ajaribu kwanza kuwapatanisha. Jaji anaweza kuruhusu mawakili, na kwa kawaida huruhusu. Upande wowote ukiomba, kesi husikilizwa faraghani.

Je, wajua kwamba mke hawezi kutupwa nje ya nyumba ya ndoa kwa sababu tu hati ina jina la mama mkwe? Sheria ya ukatili wa majumbani ya mwaka 2005 inampa haki ya kukaa, na uamuzi wa mwaka 2020 umeeleza kwamba nyumba ya ndugu wa mume nayo inaweza kuhesabiwa. Sheria inamtaka hakimu apange kikao cha kwanza kwa kawaida ndani ya siku tatu. Afisa wa ulinzi wa wilaya humsaidia mwanamke kuandaa maombi, na simu ya kuomba msaada ni 181.

Je, wajua kwamba kutoa mahari kwa mume ni kosa la jinai tangu mwaka 1961, kama ilivyo kupokea? Na talaka tatu kwa mkupuo ilibatilishwa tarehe 22 Agosti 2017 katika kesi ya Shayara Bano. Tangu 2019 mume anayeitamka anaweza kufungwa hadi miaka mitatu.

Je, wajua kwamba mzazi aliyempa mwanawe nyumba anaweza kuirudisha? Sheria ya mwaka 2007 inasema, kama hati ilitolewa kwa sharti la kutunzwa na mtoto asitunze, baraza la kusikiliza madai ya wazee linaweza kuibatilisha. Baraza hilo huweza pia kuamuru matunzo ya kila mwezi, na linatakiwa kuamua ndani ya siku 90. Nambari ya wazee ni 14567.

MAPATANO

Je, wajua Lok Adalat, mahakama ya watu? Ya kwanza ilikaa Junagadh, Gujarat, mwaka 1982. Hakuna ada, na kesi iliyokuwa mahakamani ikimalizikia hapo ada hurudishwa. Uamuzi wake una nguvu ya hukumu na haukatiwi rufaa. Ndiyo maana usitie sahihi kwa kusukumwa. Kama hukubaliani, sema hapana, na kesi yako itarudi mahakamani ilipokuwa.

KWA WALIO NG'AMBO

Je, wajua kwamba sheria ya India ya kuhamisha mali ya mwaka 1882 ilitumika Kenya hadi mwaka 2012? Na sheria ya mikataba ya India ilitumika Tanganyika hadi 1961. Kwa hiyo wakili wa Mombasa au Dar es Salaam mwenye umri mkubwa hatakuwa mgeni kabisa wa hati za Gujarat.

Je, wajua la kufanya kama umerithi nyumba Kachchh nawe unaishi Zanzibar? Hati ya kumpa ndugu uwakilishi ithibitishwe na ubalozi wa India, kisha ilipiwe stempu ndani ya miezi mitatu tangu ifike India. Iandike kwa kazi moja tu, kwa mfano kufuatilia mirathi, bila ruhusa ya kuuza. Na mwenye kadi ya OCI, yaani kadi ya uraia wa India wa ng'ambo, akumbuke kwamba anaweza kununua nyumba, lakini haruhusiwi kununua shamba.

MUDA

Je, wajua kwamba miaka 12 inatosha kukupotezea ardhi? Mvamizi akikaa waziwazi muda huo wote bila wewe kwenda mahakamani, sheria ya ukomo ya mwaka 1963 inazima haki yako. Miezi mitatu inaweza kufunga malalamiko ya unyanyasaji kazini, na miaka mitatu madai ya ujira. Kwa hiyo usisubiri mpaka uwe na fedha za wakili. Chukua hati ulizonazo, hata kama hazijakamilika, uandike tarehe ya kila tukio kwenye karatasi moja, uende ofisi ya huduma za kisheria ya wilaya wiki hii. Kumwuliza wakili wa bure maswali kumi leo ni bora kuliko kumlipa wakili bingwa baada ya muda kupita.